Siku Mkate Ulipompita Mama Joeli

Iko Jumapili moja ambayo haijanitoka moyoni hadi leo, mwanangu. Siku hiyo mama mkwe wangu alipiga magoti mbele ya meza ya Bwana, katika kanisa letu hapa Itaka, akainua mikono yake kupokea mkate kama alivyofanya tangu usichana wake, na mchungaji akampita. Akampa baba mkwe wangu aliyekuwa upande wa kulia, akampa mama mwingine aliyekuwa upande wa kushoto, na yeye pale katikati akabaki na mikono yake hewani. Hakuelewa. Alidhani hakuonekana. Akaisogeza mikono mbele zaidi, kama mtoto anayeogopa chakula kitaisha kabla hajafikiwa.

Umekuja kuniuliza mtu anatembeaje na Mungu siku zote, hata zile siku za kazi na za uchovu, na nimeona ulivyokaa ukisubiri jibu la kukupa nguvu. Sijui kama nguvu ninazo za kukupa. Ninachokijua nilikiona katika nyumba hii, nikiwa mke kijana mwenye miguu mepesi, na nitakusimulia kama kilivyokuwa. Usinikatishe, maana siku hizi nikikatishwa napotea.

Unajua mimi si mzaliwa wa huku. Kwetu ni Mpemba, ule mji mdogo wa barabarani karibu na mpaka. Ni Mnamwanga, nimekulia kati ya malori na wafanyabiashara, na nusu ya shangazi zangu wako upande wa Zambia. Nilijua kumsalimu mteja kwa Kibemba kabla sijajua kushika jembe vizuri. Joeli alikuwa anapakia na kupakua mizigo Tunduma, tukapendana, akanioa, akanileta kwa wazazi wake, Wanyiha wa kahawa na mahindi, kisha yeye akarudi mpakani kwenye kazi yake. Alikuwa anakuja nyumbani mara mojamoja. Kwa hiyo aliyenifundisha kuishi kama mke hakuwa mume wangu. Alikuwa mama yake.

Watu walimwita Mama Joeli. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye hatua ndefu, na sauti yake ilikuwa ya chini hata akiwa amekasirika. Mimi nilitoka kwenye makanisa ya mjini ambako watu wanaomba kwa kupiga kelele mpaka jasho linawatoka, nikadhani ndivyo Mungu anavyotafutwa. Yeye hakuwa hivyo. Asubuhi akitoka nje alikuwa anasimama kidogo mlangoni, anasema maneno machache kwa Kinyiha, halafu anakwenda kuwasha moto. Nilipomuuliza anasema nini, aliniambia anamsalimu Mungu. Akasema, "Anaishi humu ndani. Utampitaje mwenye nyumba bila kumwamkia?"

Wakati wa kuchuma kahawa alikuwa anataja watu. Anachuma huku anamtaja mgonjwa fulani, mjane fulani, binti wa fulani aliyekwenda mjini na hajatuma habari. Hakuwa anaomba kwa maneno mengi, alikuwa anawataja tu, kama mtu anayehakikisha hakuna aliyesahaulika. Mwanamke akijifungua, Mama Joeli ndiye alikuwa wa kwanza kufika na unga wa uji. Watoto wengi wa kitongoji hiki walionja uji wa mkono wake kabla hawajajua jina lake. Nilimtazama nikajiambia kwamba mtu wa namna hii Mungu atamzeesha vizuri. Nilikuwa na hakika kabisa. Hakuna aliyenifundisha hivyo, nilijifundisha mwenyewe, na ndiyo sababu niliumia nilivyoumia.

Ilianza na vitu vidogo. Mboga inatiwa chumvi, halafu inatiwa tena. Kisu kinatafutwa nyumba nzima, kumbe kiko kwenye kikapu cha nguo. Tukacheka, naye akacheka. Baadaye akaanza kushindwa majina. Kanisani alisimama kuanzisha wimbo, kama kawaida yake, ukakataa kuja. Akabaki amesimama mdomo wazi mbele ya akina mama wenzake, mpaka mmoja wao akamwanzishia. Siku hiyo njiani hakucheka. Alinishika mkono kwa nguvu akaniuliza kama wimbo ule ameujua siku zote. Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema, "Basi kuna mtu anauchukua."

Tulimpeleka hospitali Vwawa. Daktari, kijana mpole, alituambia kwamba ubongo wa mama unazeeka vibaya na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. Akatuambia tumvumilie na tusimwache peke yake. Baba mkwe wangu, Mzee Yotamu, alimshukuru, akavaa kofia yake, akamshika mkewe mkono, tukarudi.

Wakati huo bado nilikuwa naomba, mwanangu. Niliomba sana. Nilifunga. Nilimkumbusha Mungu unga wote ule wa uji na majina yote yale ya kwenye kahawa, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kusahau. Na kila nilipomaliza kuomba, mama alikuwa amepungua kidogo. Ukaja wakati akamwogopa mumewe. Aliamka asubuhi akamkuta mzee mmoja kitandani mwake, akapiga yowe akamtaka atoke. Mzee Yotamu alitoka, akazunguka nyumba, akarudi akabisha hodi kama mgeni, akamuuliza ameamkaje. Kwa mgeni mama alikuwa mkarimu. Akamkaribisha uji.

Halafu akaanza kumtafuta Neema.

Mimi sikujua Neema ni nani. Alikuwa anatoka kwenda nyumba za jirani, anasimama uani mwao, anauliza, "Mtoto wangu yuko hapa?" Wakimwambia hayupo, analia, anasema, "Nilimzika mimi. Nilimzika kwenye kahawa na mikono yangu hii." Nikamuuliza baba mkwe, naye akanieleza. Neema alikuwa mtoto wao wa kwanza, kabla ya Joeli. Alikufa akiwa bado ananyonya, msimu wa mvua kubwa, barabara zimeharibika na watu hawawezi kupita. Walimzika wenyewe chini ya shamba, wao wawili na jirani mmoja aliyewasaidia kushika jembe. Mama hakutaka kulizungumza tena, akaitwa Mama Joeli, na miaka ikapita juu yake. Sasa akili yake ilipokuwa inabomoka, kila kilichojengwa juu kilianguka, na mtoto yule akabaki chini kabisa, wazi, kama amezikwa jana.

Hayo yote yangekuwa huzuni yetu ya nyumbani tu, kama asingekufa mtoto wa Skola.

Skola alikuwa jirani yetu wa karibu, mama kijana kama mimi. Mtoto wake, Beni, alishikwa na homa, wakampeleka zahanati, wakarudi naye, homa ikarudi pia, akafa. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye vishimo mashavuni. Tulikwenda msibani kama watu wote. Nilimwacha mama nyumbani na mumewe, lakini mzee aliingia ndani kuchukua kitu, na alipotoka hayupo. Mimi niko msibani nimekaa mkekani na akina mama, nikamwona anaingia. Alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani, vizuri kabisa. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya Skola, akamwinamia, akamwambia kwa ile sauti yake ya chini, "Usilie. Ni mimi niliyemzika mtoto."

Nilisimama nikaanza kueleza, lakini nani anasikiliza maelezo msibani? Mtu mmoja alisema lile neno. Sikuona ni nani. Alilisema polepole tu, uchawi, na likazunguka pale kama moshi unavyozunguka chumba kisicho na dirisha. Nilimshika mama mkono nikamtoa. Skola alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na hofu, na hofu ni mbaya kuliko hasira, maana mwenye hasira unaweza kumwomba radhi.

Baada ya hapo Mzee Yotamu aliitwa na wazee wa kanisa. Alikwenda, akawaeleza ugonjwa, akawaeleza maneno ya daktari, akawaeleza habari za Neema. Mmoja wa wale wazee, Mzee Simoni, ndiye aliyekuwa ameshika jembe siku ile ya kumzika mtoto. Alikuwa amekaa hapohapo. Baba mkwe alimtazama akisubiri aseme. Mzee Simoni akatazama viatu vyake. Nilimuuliza baba mkwe kama alimtaja kwa jina mbele yao. Akaniambia hapana, alimwachia nafasi ajitaje mwenyewe.

Wakamwambia hawakatai maneno yake. Hebu sikiliza hilo, mwanangu, maana ndilo lililonivunja zaidi. Hawakusema mama ni mchawi. Walisema wanaelewa, walisema wanamheshimu, lakini watu wameingiwa na hofu, na kwa amani ya ushirika ingefaa mama apumzike kidogo kwenye meza ya Bwana mpaka jambo lipoe. Ndivyo lilivyofanyika. Halikufanywa na watu waovu. Lilifanywa na watu waliokunywa uji wake.

Baba mkwe hakumwambia mkewe, maana asingeelewa, na Jumapili ile alipoinuka kwenda mbele hakuwa na moyo wa kumkalisha chini. Akaenda naye. Ndipo nilipoyaona yale niliyokuambia mwanzoni. Mama alipotoa mikono mara ya pili, mchungaji alikuwa ameshafika mbali. Mzee Yotamu alikula mkate wake. Kisha akaishika ile mikono ya mkewe, akaikunja taratibu, akamwinua, wakarudi kwenye benchi lao.

Njiani nilijizuia mpaka tukaupita mto. Kisha nikashindwa. Nilimwambia baba mkwe neno ambalo mkamwana haambii baba wa mumewe. Nilimuuliza aliwezaje kuula mkate ule, na mkewe amepitwa kama mbwa.

Hakukasirika. Alitembea kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa na njaa, mkamwana."

Nilidhani amechanganyikiwa naye. Ilinichukua miaka kujua kwamba alinijibu vizuri kuliko nilivyouliza.

Kuanzia hapo tukawa nyumba ya peke yake. Nikifika bombani akina mama wanakumbuka kazi zao, wanaondoka na ndoo nusu. Watoto waliokatazwa kupita uani kwetu wanapita mbio wakiangalia nyuma. Asubuhi moja tulikuta miche ya kahawa imekatwa mstari mzima, imelazwa chini vizuri, kama mtu aliyeifanya kazi ile hakuwa na haraka. Joeli alikuja kutoka Tunduma, akapiga meza, akataka tuhame wote twende mpakani tukapange vyumba. Baba yake akamwambia mama ameshapoteza kila kitu anachokijua isipokuwa njia ya kwenda jikoni kwake, na kwamba hatamnyang'anya hiyo. Joeli akarudi kazini na macho mekundu. Na mimi nikaacha kuomba.

Sikuacha kwa kelele. Niliamka asubuhi nikapita mlangoni nikaenda kuwasha moto, basi. Nilipika, nilimwosha mama, nilichuma kahawa bila kumtaja mtu yeyote. Nani nimtaje? Wale waliotukimbia bombani? Jumapili nilisema kichwa kinaniuma. Mzee alikwenda peke yake, na alipokwenda kila mara alikaa kwenye benchi lilelile, na watu wakaacha nafasi kila upande wake.

Siku moja asubuhi nilimkuta uani anamchana mama nywele. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka juu ya kahawa. Mama hakupenda kuguswa kichwa, akamzaba kofi, kofia ikaanguka. Mzee aliiokota, akaivaa, akaendelea kumchana. Nilipoona hivyo moyo wangu ukafurika. Nikamwambia kwamba mimi nimemaliza na Mungu. Nikamuuliza, yeye anayeamka kila siku kumwomba, anajibiwa nini?

Aliendelea kuchana mpaka akamaliza upande ule. Halafu akasema, "Sijibiwi."

Akahamia upande wa pili wa kichwa.

"Huu ni mwaka wa ngapi sijui, sisikii kitu," akasema. "Naomba, ni kama nazungumza na ukuta huu wa jikoni. Unadhani ni wewe peke yako? Wewe umeacha kuomba kwa sababu hujibiwi. Mimi ningeacha kwa sababu hiyo, ningemwacha na huyu pia. Huyu naye hanijibu. Hata hanijui."

Akanitazama, na macho yake yalikuwa makali sasa. Akaniambia kwamba nilikuja nyumba hii nikitaka kumwona Mungu analipa. Kwamba nilimpenda mama yake Joeli kwa kuwa alionekana ni mtu wa kulipwa, na sasa nimeona hakulipwa, nimefunga duka. Akasema hana sababu ya kunipa, wala hatakuwa mwongo akanitafutia sababu. Kisha akanyoosha kidole jikoni, "Uji wa mama yako unaungua. Nenda."

Nilikwenda. Nililia juu ya sufuria, mwanangu, na sikupata faraja hata kidogo. Nilikoroga uji tu.

Mama alikufa wakati wa baridi, ule msimu ambao hapa Mbozi vidole vinakataa kukunjika asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Baba mkwe alikuwa na homa, amelala, na usingizi ukampitia. Mama akatoka, hana viatu, hana hata shuka. Niliporudi, mzee akaamka, tukakuta hayupo, tukamtafuta kahawani, mtoni, hadi njia ya kwenda barabara kuu. Tulimkuta jua limeanza kuinama, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, amelala ubavu, ameikumbatia kanga yake ameikunjakunja kama unavyombeba mtoto. Alikuwa ameshakuwa baridi.

Shamba lile haliko mbali na watu. Lazima upite nyumba nyingi kulifikia. Baadaye maneno yalitufikia kipande kipande. Fulani alimwona anapita, akafunga mlango. Fulani alikuwa analima, akageuka upande mwingine. Wengi walimwona. Kila mmoja wao alijua njia ya kwetu, na hakuna aliyemshika mkono akamrudisha.

Mchungaji alituma salamu kwamba yuko safarini. Pengine alikuwa safarini kweli, sitaki kumhukumu. Kaburi walichimba Joeli na wenzake wawili wa mpakani waliokuja naye, vijana wasiojua hata wimbo mmoja wa huku. Baba mkwe alituonyesha mahali, chini ya shamba, penye jiwe moja dogo ambalo nilikuwa nikikalia wakati wa kuchuma bila kujua nimekalia nini. Akasema, "Mlazeni hapa. Karibu na mtoto." Alijaribu kusoma, macho yakakataa, nikasoma mimi, mimi ambaye nilikuwa nimemaliza na Mungu. Alianzisha wimbo. Sauti yake ilikuwa nyembamba na hakuna aliyemwitikia vizuri. Nilipoinua macho nilimwona Skola. Amesimama mbali, ukingoni mwa shamba, na mtoto mwingine mgongoni. Alikaa mpaka udongo wa mwisho, halafu akaondoka. Hajaniambia hadi leo alikuja kufanya nini, nami sijamuuliza.

Ungependa nikuambie kwamba baada ya hapo watu walijuta. Hawakujuta, au kama walijuta, walijutia ndani. Mchungaji alihamishwa kwenda kwingine kwa utaratibu wa kawaida. Jumapili iliyofuata mazishi, Mzee Yotamu alivaa kofia akashika fimbo. Mvua ya usiku, isiyo ya msimu wake, ilikuwa imeifanya njia kuwa na utelezi, nikaona ataanguka, nikamfuata kumshika. Ndivyo nilivyorudi kanisani. Sikuitwa na Mungu, niliitwa na utelezi. Nikakaa kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi ubavuni mwake, na Jumapili nyingine nikakaa tena.

Mzee Yotamu naye alipokufa, mwanangu, walikuja wote. Kitongoji kizima na vitongoji vingine. Magari yalikuja hata kutoka Nanyala. Kwaya zikaimba, Mzee Simoni akasimama akasema marehemu alikuwa mwenzake tangu ujana, akalia kwa uchungu, na sijui alikuwa anamlilia nani. Walimsifu kwa uvumilivu wake. Hakuna aliyesema alivumilia nini. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria makubwa, na kila sahani niliyopakua nilijua anayeila ni nani na siku ile alikuwa wapi. Nilitaka kumwaga chakula chote chini. Nikapakua. Nikampa kila mtu nyama yake. Sikuwasamehe siku hiyo, nisikudanganye, na wengine sijawasamehe mpaka leo. Lakini waliondoka wameshiba.

Sasa nikuambie neno langu, kisha nikuache uende.

Mwanangu, usitembee na Mungu ukimshika kama mtu unayemdai. Wapo watakaokuambia ukiwa mwaminifu njia itanyooka, watoto watapona, uzee utakuwa mtamu. Mimi nimeishi na mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwaona, na alikufa shambani kama mnyama aliyepotea. Ukiujenga moyo wako juu ya maneno hayo ya kupewa na kulipwa, siku moja utarudi kutoka makaburini huna Mungu wala huna wewe mwenyewe.

Amka tu. Fanya lililo mbele yako. Kama kuna mgonjwa, mwoshe. Kama kuna mtu amekaa peke yake kanisani, kaa karibu naye, hata kama huna neno la kumwambia na hata kama huamini kitu siku hiyo. Ukiketi kwenye kikao na unajua ukweli wa mtu anayezungumzwa, fungua mdomo wako, usitazame viatu. Amani inayonunuliwa kwa kumtoa mtu mmoja nje haimo kwenye vitabu vya Mungu ninayemjua. Na mzee akipita mbele ya shamba lako hana viatu, hajui aendako, weka jembe chini. Usimuulize ametoka ukoo gani wala watu wanasema nini juu yake. Mrudishe kwao.

Mimi sijawahi kupata jibu. Nasema hivi nikiwa bibi mwenye wajukuu, nimeomba miaka mingi, na kimya ni kilekile. Kuna asubuhi nadhani kimya hicho kina mtu ndani yake. Asubuhi nyingine nadhani hamna. Bado natoka, naenda kuwasha moto.

Na kuna jambo sijamwambia Joeli. Juzi nilitoka kwenda dukani, nikafika pale njia inapogawanyika, nikasimama na kikapu changu, na sikujua kama nilikuwa naenda au narudi. Nilisimama hapo mpaka jasho likanitoka. Msichana mmoja wa shule akapita akaniamkia, na jina langu lilivyotoka mdomoni mwake ndivyo njia ilivyonirudia. Kwa hiyo ninaogopa, mwanangu. Ndiyo maana nimekusimulia leo, tena yote, wakati bado ninajua nani alikuwa nani.

Basi sogea, nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa Yotamu, anayesikia au asiyesikia, akutunze katika kazi zako za kila siku. Akunyime moyo wa kugeuka upande mwingine. Asikupe uzee wa kutafuta mtoto asiyekuwepo katika nyumba za watu. Na kama ataamua kukupa, akuweke mahali ambapo kuna angalau mlango mmoja utakaofunguliwa ukipita, na mtu mmoja atakayetoka humo, akushike mkono, akuulize kwa upole nyumbani kwako ni wapi. Nenda salama.